Otto, Mtani Wangu wa Ekspresi

Mtani hashukuriwi. Ukimwambia asante atakucheka, atakuuliza umeanza lini kuwa na adabu. Ndiyo maana Otto Luambano sijawahi kumshukuru usoni. Nikikutana naye Songea namwita mtumwa wangu, naye ananiita hivyo hivyo, tunaendelea na safari zetu. Lakini kwenye karatasi nitasema ninavyotaka: yule mzee nampenda, na nitamshukuru mpaka siku naingia kaburini.

Otto ni Mngoni wa Mpitimbi. Ujana wake wote aliendesha lori la ushirika, akisomba tumbaku ya wakulima. Zilipokuja zama za ruksa, biashara ikaachiwa kila mtu, ushirika ukayumba, malori yakaegeshwa mpaka yakaota majani, na Otto akajikuta yuko nyumbani anagombana na kuku wa mkewe. Bahati yake, mfanyabiashara mmoja wa mjini alinunua basi dogo la kuwachukua abiria wa ndege kutoka uwanjani Ruhuwiko hadi katikati ya mji. Ubavuni liliandikwa EKSPRESI, na Otto aliliamini neno hilo kama anavyoiamini Baba Yetu. Ekspresi haisimami njiani. Wanasema siku moja alimpita mama mkwe wake akipunga mkono kwenye mvua, akaenda mpaka stendi, akateremsha abiria, ndipo akarudi kumchukua. Mama mkwe hakupanda.

Mimi nilimjua mwaka wa tisini na mbili, kwenye baridi ya mwezi wa saba, nilipokwenda kumzika kaka yangu.

Rupert alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale mjini. Homa ilimchukua ghafla. Wazazi wetu kule Kalenga, Iringa, walikuwa wazee ambao miguu haiwafikishi hata barabarani, na kumsafirisha marehemu hatukuweza. Wakaniagiza mimi, niliyekuwa nafanya kazi Dar es Salaam, niende nikasimame badala ya ukoo. Ukoo mzima, mimi Fausta peke yangu! Ndani ya ndege nilikuwa na wazo moja tu: kaka yangu anazikwa ugenini kama mtu aliyeokotwa. Hilo liliniuma kuliko kifo chenyewe.

Uwanjani alinipokea Mwalimu Eric, aliyekuwa akifundisha na Rupert, mtu wa Bukoba, mpole, mwenye suti nyeusi. Tukapanda ekspresi. Dereva alikuwa amejifunika koti zito kama mlinzi wa usiku. Akageuka.

"Karibu Songea, dada. Kwenu wapi?"

"Iringa."

"Mhehe?"

"Mhehe."

Akatoa kichwa dirishani. "Jamani, fungeni mbwa! Mhehe ametua!"

Abiria wakaangua kicheko, maana sisi Wahehe tunasemwa kwamba tunakula mbwa. Mwalimu Eric akasimama. "Dereva, una adabu wewe? Dada huyu amefiwa na kaka yake. Leo hii tunakwenda kuzika."

Nilitegemea ataomba radhi kama binadamu yeyote. Otto akazima kicheko chake.

"Mhehe amefia kwetu, na watani hatukuambiwa?" akasema. "Mwalimu, hapo mmekosea sana."

Akawasha gari. Njia nzima alinitukana. Zamani Wahehe na Wangoni walipigana vita hasa, na watu waliouana hivyo, amani ikija, huishi kwa kutaniana na kuzikana. Otto akasema babu zangu walikimbia vita wakiwa wamebeba mbwa na kuwaacha watoto. Mwanzo nilivumilia. Baadaye nikashindwa, maana mdomo nami sikunyimwa, nikamwambia babu zake walichelewa vitani kwa sababu walikuwa wanachimba panya wa kitoweo. Mwalimu Eric alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili. Lakini kifua changu kilikuwa kimefunguka, na pumzi sasa zilipita vizuri.

Stendi akateremsha abiria wote isipokuwa sisi wawili. Kisha, bila kumwuliza tajiri wake, akaielekeza ekspresi Bombambili kwenye nyumba ya msiba. Tuliwakuta majirani, wengi wao watumishi wa kutoka mikoa mingine, wamekaa kwa heshima na vichwa chini, wakiongea kwa kunong'ona. Otto akavua koti, akapita mtaani akiita Wangoni wenzake. Walikuja na makoleo.

Makaburini, katekista alipomaliza sala, akauliza ukoo wa marehemu uko wapi. Nikajitokeza peke yangu. Kabla sijafungua mdomo, Otto akarukia ndani ya kaburi, akalala chali, akafumba macho.

"Nimewahi nafasi!" akapaza sauti kutoka mle ndani. "Hii ardhi ya Wangoni. Walishindwa kuichukua kwa mikuki, sasa wanakuja na jeneza? Sitoki!"

Mwalimu Eric akaniomba msamaha, akataka watu wamtoe kwa nguvu. Nikamzuia. Nikasogea mpaka ukingoni, nikakaza khanga kiunoni.

"Toka humo, mla panya we! Kaka yangu amewafundisha watoto wenu kusoma, walikuwa wanashika kitabu kichwa chini miguu juu! Toka, mwenye nyumba amefika!"

Wangoni wakacheka, kina mama wakapiga vigelegele. Otto akakubali kushindwa, akaninyooshea mkono, nikamvuta. Halafu yeye na wenzake wakampokea Rupert, wakamshusha taratibu kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia.

Walipoanza kufukia, Mwalimu Eric, hasira bado haijamtoka, akamsogelea. "Mzee, marehemu hukumjua hata kwa jina. Umewezaje kumtukana?"

Otto akajifuta udongo usoni kwa kiganja.

"Mwalimu, mtu asiye na kwao, nani atamtukana?"

Hapo nikalia, kwa sauti, kama tunavyolia kwetu Kalenga, na Wangoni wakalia pamoja nami.