Nyumba ya Toleo la Zamani

Ofisini kwetu Kisumu tulikuwa na kompyuta moja ya kuchorea ramani za ziwa. Mimi ndiye niliyeiwekea programu ya kuchorea, ambayo huendeshwa kwa kuandika amri. Kisha akaajiriwa binti mmoja kutoka Obunga, akaweka toleo jipya la programu hiyo kwenye kompyuta hiyohiyo bila kuniuliza. Asubuhi nikaandika amri yangu ya siku zote, likaitika lake. Ramani yangu ya ufuo wa Luanda Kotieno ikakataa kuchorwa.

Nilichemka. Kwetu Wajaluo, nyumba ya mke wa kwanza ndiyo hutazamana na lango la boma. Anayekuja baadaye hujengewa pembeni. Kompyuta nayo hutafuta programu kwa mpangilio, na inayoonekana kwanza ndiyo huitika. Nikaingia kwenye mipangilio, nikarudisha langu mbele. Adhuhuri akarudisha lake.

Kesho yake akaja akitabasamu. "Mzee, hiyo vita nimeimaliza."

Mzee! Nimemzidi miaka michache tu. Alikuwa ameweka kiprogramu cha kuchagua matoleo, ili kila folda itaje toleo inalotaka. Ofisi nzima ikamsifu mpaka chai ikapoa.

Nikafungua folda yangu, nikauliza ni toleo gani linaitika. Langu. Nikatoka, nikauliza kwingine kote kwenye kompyuta ile niliyoiandaa kwa mikono yangu. Lake. Lake. Lake.

Nilikuwa nimejengewa nyumba nzuri, safi, pembeni.