Fundi wa lifti aliyeandikwa mfagiaji

Saa moja na nusu asubuhi, Ijumaa, mlinzi wa jengo la ghorofa saba anasimama mbele ya mlango wa lifti, kofia mkononi, sikio karibu na bati. Lifti inapanda. Anahesabu kimyakimya. Ikifika ghorofa ya nne anafumba macho. Mlango unafunguka huko juu, unafungwa, na yeye anashusha pumzi.

Kisha anarudi mezani pake, anavuta droo, anatoa daftari lenye jalada la bluu na kuandika siku, saa, ghorofa, na neno moja: inafanya. Hakuna aliyemwagiza. Akimaliza anavaa kofia na kuanza kuandikisha wageni.

Hapa wanamwita Injinia. Jina hilo alipewa na karani mmoja wa ghorofa ya tatu, kwa utani, siku aliyomsikia akieleza jinsi lifti inavyojua kwamba mlango haujafungwa vizuri. Utani huo uliwanogea wote isipokuwa mwenyewe. Maana mtu huyu wa miaka arobaini na mmoja, anayelipwa kufungua geti na kuuliza watu wanakwenda ofisi gani, aliishi ng'ambo miaka tisa akifunga, akipaka grisi na kufufua lifti za majengo ambayo hili letu lingeingia mara tano.

"Wakiniita Injinia naitika," anasema. "Nikikataa nitagombana na watu kutwa nzima. Ila inachosha, kaka. Inachosha kweli."

Anazungumza polepole, na pale ambapo mtu angetegemea hasira, yeye hucheka kidogo na kujipangusa uso kwa kiganja. Nimekaa naye siku tatu na sijamsikia akipandisha sauti hata mara moja. Mimi niliyekuwa nasikiliza tu ndiye niliyekasirika.

Aliondoka nyumbani miaka kumi na miwili iliyopita, mtoto wao wa kwanza na wa pekee akiwa na miezi minne. Alikuwa fundi umeme wa mtaani, wa kubadilisha soketi na kuunga nyaya zilizochomwa na panya. Huko alikokwenda alipokewa na msimamizi wa kampuni ya lifti, mzee mmoja mkali ambaye hakumruhusu kushika spana mwezi mzima. Kazi yake ilikuwa kusikiliza mashine na kuandika anachosikia.

Ndiko alikojifunzia mambo ya daftari. Kila lifti ilikuwa na lake, limening'inizwa kwa kamba kwenye chumba cha mashine, na yeyote aliyeigusa aliandika. Hata kama hukurekebisha kitu, unaandika kwamba umeitazama. Mzee yule alikuwa akisema mashine haisemi uongo, ila husema taratibu, na asiyeandika hataisikia mpaka mwisho.

Baada ya mwaka mmoja alikuwa akipanda peke yake. Kufikia mwaka wa nne alikuwa na lifti ishirini na mbili mikononi mwake.

Kosa alilifanya mapema, na analisimulia bila kujitetea. Kibali cha kazi cha fundi kilichukua miezi minane, na kilikuwa na mtihani kwa lugha ya wenyeji. Kibali cha mfanya usafi kilitoka kwa wiki mbili. Msimamizi akamwambia waandike usafi, kazi atafanya ileile na mshahara utakuwa uleule. Yeye akaona nafuu. Kila mwaka kibali kilipohuishwa neno lilibaki lilelile, na kila mwaka alijiambia kwamba mkono unaoijua kazi ni cheti tosha.

Siku ya kurudi aliomba barua ya utumishi. Ofisi ikamwandikia kufuatana na faili lake. Barua inamsifu sana. Inasema alikuwa mfanya usafi mwaminifu, hakuchelewa hata siku moja, na sakafu zake ziling'aa.

"Sikuwahi kushika ufagio huko," anasema, na hapo anacheka tena. "Kufagia si aibu, mama yangu alitusomesha kwa kufagia soko. Lakini yeye alifagia. Mimi sikufagia."

Alirudi miaka mitatu iliyopita kwa hiari yake. Wenzake walimwona hamnazo. Sababu yake ni binti yake, ambaye kwa miaka yote hiyo alimwona baba likizo mbili tu. Mwezi wa kwanza mtoto alimwonea haya mno, hata akawa anaingia chumbani, anafunga mlango na kumpigia simu baba aliyekaa sebuleni. Kwenye simu alimzoea. Wakawa wanaongea hivyo, ukuta mmoja katikati, mpaka siku mtoto aliposahau kufunga mlango.

Kazi ikagoma. Mwaka wa kwanza alipeleka maombi arobaini na matatu, na anazo nakala zote ndani ya bahasha moja ya kaki. Kampuni tatu tu ndizo zilizomwita. Ya kwanza ilisoma ile barua ya sakafu zinazong'aa na kumuuliza kama amekosea mlango. Ya pili ilimpa jaribio, akalifaulu, kisha ikamwambia mtu aliyezoea mishahara ya nje hatakaa. Ya tatu ilimpiga danadana miezi miwili, njoo kesho, njoo Alhamisi, mpaka nauli ikamshinda.

"Kwa hawa mimi ni mjuaji mno, kwa wale sijui kitu," anasema. "Ukiwauliza wote wawili ninajua nini hasa, hakuna aliyewahi kutazama."

Mkewe ni fundi cherehani, na ndiye aliyeiweka nyumba wima kipindi hicho. Ananisimulia huku mguu ukiendelea kukanyaga, sindano ikila kitambaa cha sare za shule.

"Alirudi na masanduku mawili, shemeji. Moja la zawadi, moja la spana. Zawadi ziliisha wiki ya kwanza. Spana ziko chini ya kitanda mpaka leo, na kila nikifagia nazigonga."

Ulinzi aliupata kwa mtu anayefahamiana na msimamizi wa jengo. Mshahara hauzidi robo ya aliokuwa akipata ng'ambo. Akapewa kofia, rungu na kiti, na kiti kikawekwa hatua nne kutoka mlango wa lifti. Na lifti yenyewe ilikuwa mgonjwa wa kudumu. Leo inatembea, kesho imekwama.

Hakuweza kujizuia. Wiki ya kwanza tu alinunua daftari.

Mwezi wa pili mhasibu wa ghorofa ya sita alikwama ndani kwa dakika arobaini. Mafundi wa kampuni yenye mkataba hawakupokea simu, na mama wa watu alikuwa ameanza kuhema vibaya. Injinia alipanda, akakata umeme wa mashine, akafungua mlango kwa utaratibu anaoujua na kumtoa. Mhasibu alimshukuru huku akilia. Kesho yake msimamizi wa jengo alimwandikia barua ya onyo kwa kugusa mitambo isiyomhusu. Nusura amwage unga kwa kuokoa mtu.

Tangu hapo hakugusa. Aliandika tu. Na miezi minane iliyopita lifti ilipokufa kabisa, alibaki akitazama watu wakipanda ngazi mia moja ishirini na sita. Ghorofa ya sita iko ofisi ya mafao ya wastaafu, kwa hiyo wengi wa wapandaji walikuwa wazee. Aliomba viti viwili vya plastiki stoo, akaweka kimoja ghorofa ya tatu na kingine ya tano, wapumzike.

Mafundi walikuja mara tatu wakabadilisha kadi ileile ya mitambo, ile bodi ya umeme inayoiongoza lifti. Mara ya nne walisema kadi mpya imeagizwa kutoka nje. Jengo zima likakaa kusubiri kifaa kutoka nje, na mtu kutoka nje amekaa pale chini na rungu lake, hakuna aliyemuuliza.

Aliyemuuliza ni mhandisi kijana wa kampuni hiyo, mwanamke mwenye mwaka mmoja kazini, aliyetumwa wiki tano zilizopita kuja kupima tena. Alikaa kwenye kiti cha ghorofa ya tano kupumua, akataka kujua nani amekiweka. Akaelekezwa kwa mlinzi, na mlinzi akamwonyesha daftari.

Mhandisi huyo alinieleza alichokiona. Lifti ilikuwa imekwama mara thelathini na moja kabla ya kufa, na kati ya hizo ishirini na saba zilikuwa Jumatatu asubuhi. Jumamosi mchana, ofisi zikishafungwa, wasafishaji huosha sakafu kwa ndoo. Sakafu ya ghorofa ya nne imeinama kidogo kuelekea mlango wa lifti. Maji huingia kwenye upenyo wa chini na kulowesha swichi ya usalama ya mlango, na mlango mmoja tu ukionekana haujafungwa, lifti nzima husimama. Mafundi walikuwa wakija Jumatano au Alhamisi, kila kitu kikiwa kimekauka, hawaoni tatizo, wanabadilisha kadi.

"Nilifungua swichi ya ghorofa ya nne nikaikuta imeoza kwa kutu, haishiki tena hata ikikauka," mhandisi anasema. "Ni kitu cha ukubwa wa kiberiti. Niliona aibu, sikufichi. Huyu baba alikuwa na jibu lote kwenye droo."

Lifti ilipona siku hiyohiyo. Mlangoni pakabandikwa karatasi yenye nembo ya kampuni ikiwashukuru wateja kwa uvumilivu wao. Jina la mlinzi halimo, wala hakutegemea.

Lakini mhandisi alipiga picha kurasa za daftari na kuzipeleka kwa wakubwa wake. Hapo ndipo Jumanne ya wiki hii Injinia alipoitwa ofisini kwao. Alivaa shati jeupe la harusi ya shemeji yake. Waliongea naye saa nzima, na kwa mara ya kwanza tangu arudi, maswali yote yalikuwa ya lifti. Wakamwambia wanamtaka. Wakampa fomu ya mkataba asaini, mshahara karibu mara mbili ya ulinzi.

Kwenye nafasi ya cheo iliandikwa: mfanya usafi.

Afisa utumishi alimweleza vizuri tu, bila dharau. Bila cheti, kampuni haiwezi kumwandika fundi, bima haitakubali. Kazi atafanya ya lifti, asijali. Ni karatasi tu.

Alikaa akiitazama ile fomu, anasema, mpaka chai aliyopewa ikapoa. Kisha akauliza kama wanaweza kuandika fundi msaidizi, hata kwa mshahara wake wa sasa wa ulinzi. Afisa akasema atawauliza wakubwa, jibu Jumatatu. Fomu ikarudi mezani bila sahihi.

Watu wa jengo waliposikia, wengi walisema amelewa maringo ya nje. Mkewe naye hakuficha.

"Nilimwambia saini. Mimi nimechoka kushona mpaka vidole vinakufa ganzi. Karatasi iandike inachotaka, yeye alete mshahara." Anasimamisha cherehani kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Halafu akaniletea ile barua yake ya zamani, akaiweka hapa kwenye kitambaa.  Nikaisoma. Basi, nikarudi kushona."

Hoja ya Injinia si maringo. Chuo cha ufundi cha serikali hupokea watu waliojifunzia kazini, huwapa mtihani wa vitendo, na wakifaulu huwapa cheti. Lakini huwezi kuufanya bila barua ya mwajiri inayoonyesha miaka miwili ya kazi hiyohiyo. Barua ya ng'ambo haimsaidii. Akiandikwa fundi msaidizi, baada ya miaka miwili atakaa kwenye mtihani. Akiandikwa mfanya usafi, hata akifunga lifti mia, mlango ule hautafunguka.

"Nikisaini ile, ni miaka tisa mingine inapotea," anasema. "Ya kwanza niliipoteza kwa watu. Hii nitakuwa nimeipotezea nyumbani."

Yule msimamizi mzee wa ng'ambo naye hajamsahau. Wiki iliyopita alipiga simu kumwambia nafasi yake ipo hadi mwisho wa mwezi, tiketi juu yao. Injinia alimuuliza kibali kitaandikwa nini. Mzee akamuuliza habari za familia.

Saa kumi na moja jioni, zamu imekwisha, namsindikiza nyumbani. Vyumba viwili, mashine ya kushonea dirishani, marundo ya sare. Binti yao yuko mezani anajaza fomu ya shule. Ameshaandika jina, darasa na namba ya simu kwa mwandiko safi. Miaka yote ya udogo wake, kwenye nafasi ya kazi ya baba, aliandikiwa na mama yake maneno mawili: yuko nje. Baba aliporudi, hakuna aliyekumbuka kubadilisha. Mwaka huu anajaza mwenyewe.

"Baba, hapa niandike nini?"

Anavua viatu kwanza, kimoja, halafu cha pili.

"Pawache wazi. Jumatatu utaandika fundi."

"Na wakikataa?"

Mkewe anaacha kukanyaga. Injinia anaitazama ile nafasi kwa muda, kama anavyotazama mlango wa lifti asubuhi.

"Wakikataa andika mlinzi," anasema. "Hiyo ni kazi ninayoifanya kweli."

Binti anaikunja fomu mara mbili na kuitia kwenye daftari la hesabu. Kisha anachukua peni aliyokuwa akiandikia na kuitia humohumo.