Kiroba cha Mama Mkwe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kwa harufu kabla ya kuikumbuka kwa sura. Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa saba, zimebaki siku tatu niolewe. Niko ndani kwa baba yangu, hapa hapa Kagongwa, nimepakwa singo ya manjano ya mwali kuanzia paji la uso mpaka kwenye vidole vya miguu, na sebule nzima nimeifunika kwa vitambaa vyeupe na vya zambarau. Nakusimulia kwa sababu jana ulinionyesha simu yako. Picha za mapambo ya harusi yako nimeziona zote, hata zile ulizozipitisha haraka ukidhani macho yangu hayafiki. Ni nzuri, sina neno. Kisha ukaniomba niwapigie wakwe zako wa Geita niwaambie wasije na vyakula vyao, maana vitaharibu mpangilio wa meza. Nikasema nitakujibu kesho. Jibu langu ni hili, nalo ni refu kidogo, kwa hiyo kaa vizuri.

Wakati wangu hapakuwa na simu ya kubebea picha. Nilikuwa na daftari. Kila gazeti lililofungiwa maandazi, kila kalenda iliyokwisha mwaka wake, nilikata picha nikabandika kwa uji mzito wa muhogo. Nyingine panya walizila, kwa sababu ya ule uji. Nilikuwa na picha ya ukumbi wenye vitambaa vilivyoshuka kutoka darini kama mawingu, na picha ya meza yenye matufaha yaliyopangwa mpaka juu, na pembeni majani mabichi ya saladi. Baba alikuwa na duka la vitambaa, kwa hiyo vitambaa havikuwa shida. Nilipanda ngazi mwenyewe, nikapigilia misumari mwenyewe, wiki mbili nzima, mpaka mama akauliza kama naolewa au nafungua hoteli.

Sasa wewe unajua mwezi wa saba huku kwetu ulivyo. Mchele mpya umeshatoka mashambani, karanga zimejaa magunia, dengu zinavunwa, na wanawake wanakata viazi vitamu michembe wanaianika juu ya mawe. Chakula kiko mlangoni, unakosa hata pa kupita. Mimi sikukitaka hata kimoja. Nilisema mchele mpya unashikana, hautatoka kama wa kwenye picha. Viazi nikaviita chakula cha shambani. Nikamsumbua kaka yangu akaenda Mwanza kuniletea matufaha na majani ya saladi. Majani yale yalikaa kwenye basi kutwa nzima, yakafika yamenyong'onyea, na bibi yangu mzaa baba, Bi Tatu, akayainua kwa vidole viwili akauliza, "Haya ni ya sungura au ya watu?" Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nilinuna siku mbili.

Mchumba wangu, Shabani, babu yako, ambaye wewe ulimkuta na mvi tayari, alikuwa akinunua mchele Kagongwa na kwenda kuuza kwenye machimbo ya Geita. Alizaliwa Nkome, kule ziwani, na mama yake alikuwa mwanikaji wa dagaa. Mama Shabani alikuwa mwanamke wa Kisukuma, mrefu, wa maneno machache. Kwao walikuwa na desturi yao. Kabla ya harusi, mama wa bwana harusi huleta jikoni kwa mkwewe kitu kilichotoka mikononi mwake mwenyewe. Binti hukipokea kwa goti na kwa mikono miwili, hukibeba mwenyewe mpaka jikoni, hukipika siku hiyo hiyo, wakala pamoja. Hapo ndipo huhesabiwa kuwa mtoto wa nyumba ile. Shabani alinieleza haya mapema. Nilimwitikia ndiyo, ndiyo, na mawazo yangu yote yalikuwa kwenye riboni.

Basi Alhamisi ile, asubuhi, Mama Shabani akafika na dada yake. Walikuwa wamesafiri kutwa ya jana yake, wakalala Kahama kwa ndugu yao. Alikuja amebeba kiroba kichwani, amekifunga mdomo kwa kamba ya katani. Sebule yangu ilijaa harufu kabla hajamaliza kuvua viatu.

Goti nilipiga. Shikamoo nilitoa. Mikono miwili nilinyoosha, nikakipokea. Mpaka hapo, mwanangu, hakuna aliyeweza kunilaumu. Lakini nilipopita pazia nikampa binamu yangu kile kiroba, nikamnong'oneza akipeleke nyuma kabisa, kwenye banda la mbuzi, vitambaa visije vikashika harufu. Kisha nikachukua chetezo, nikatia makaa, nikatia udi, nikakiweka katikati ya sebule, karibu na miguu ya wageni. Nikaona nimefanya jambo la heshima. Si tunafukizia wageni udi? Kila nyumba ya Waswahili inafukizia.

Mama Shabani aliutazama ule moshi ukipanda kwenye vitambaa vyangu. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Mwanangu, huu moshi ni wa kutukaribisha au wa kututoa?"

Nikacheka. Nilidhani anatania. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wanasema, lakini mimi siku ile nilijikwaa kwa kicheko.

Baada ya chai akaomba maji ya kutawadhia. Choo chetu kilikuwa nyuma, na njia ya chooni inapita bandani. Huko alikuta mbuzi wameshatafuna kiroba upande mmoja, dagaa wamemwagika, na kuku wa mama wanadonoa kwa raha zao. Binamu yangu aliyaona yote kutoka jikoni. Alisema Mama Shabani hakupiga kelele wala hakufukuza kuku. Aliinama, akatandika upande wa khanga yake chini, akaanza kuokota dagaa wasafi mmoja mmoja, akawarudisha kwenye kiroba, akakifunga pale palipotoboka. Kisha akarudi sebuleni nacho.

"Tunashukuru kwa chai," alimwambia mama yangu. "Sisi tunarudi. Shughuli itatukuta nyumbani."

Hakuna asiyejua maana ya maneno yale. Mama wa bwana harusi akirudi kwao siku tatu kabla ya ndoa, upande wake wote unarudi naye, na kijana anabaki kuchagua kati ya mama na mke. Shabani nilimjua. Asingemwacha mama yake, na mimi nisingemheshimu kama angemwacha. Wakatoka, wakashika njia ya barabarani kungojea gari la Kahama.

Nilikwenda kwa Bi Tatu nikilia. Nilitarajia anifute machozi. Bi Tatu alikuwa anapepeta choroko, na hakuacha kupepeta.

"Dagaa wanaanikwaje?" akaniuliza.

"Sijui, bibi."

"Hujui. Wanaletwa alfajiri, wanatandazwa kabla jua halijapanda. Mtu anakaa nao. Akiona wingu, anawaokota. Wingu likipita, anawatandaza tena. Anageuza, anafukuza ndege, mgongo haunyooki. Huyo kijana unayemlilia amelishwa na dagaa hao. Hata shati alilovaa siku ya posa limetoka kwa dagaa hao. Sasa wewe umewapa kuku."

"Bibi, ilikuwa harufu tu."

"Nimesikia. Na yule mama naye ana harufu hiyo hiyo, haitoki hata aoge na nini. Wewe umemwekea chetezo miguuni." Akapeperusha maganda. "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nenda kamrudishe."

Nikamwambia mwali hatoki nje. Nimepakwa singo, watu wataniona. Akasema watu waone.

Mwanangu, nilitoka. Nilijitupia baibui ya mama juu ya khanga, lakini uso ulikuwa wa manjano na miguu ya manjano, na njia nzima ya kwenda barabarani watu walisimama. Wanunuzi wa mchele waliacha kupima. Kuna mwanamke alipiga kigelegele kwa makosa, akadhani ndiyo shughuli imeanza. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani, na nimeishi sana.

Niliwakuta wamekaa juu ya gogo, kiroba kiko katikati yao. Nikapiga goti kwenye vumbi.

"Mama, nimekosa."

"Umekosa nini?" akaniuliza.

Nilitaka kusema nimekosa tu, yaishe. Yeye akangoja. Pale ndipo nilipojifunza kwamba kuomba radhi bila kutaja kosa ni kujipunguzia mzigo. Nikalitaja. Nikasema zawadi yako niliipeleka kwa mbuzi. Nikasema udi niliuwasha kwa sababu ya harufu yako. Maneno hayo ya mwisho yalinitoka taratibu, na dada yake akageuza uso upande mwingine.

Gari la Kahama likaja, likasimama, konda akaita. Mama Shabani hakuinuka. Likaondoka.

"Dagaa unajua kupika?" akaniuliza.

"Sijui."

"Karanga za kutia unajua kutwanga?"

"Karanga najua, mama."

"Haya, twende ukatwange."

Tulipika uani siku ile ile. Alinionyesha kuwachambua vichwa, kuwaosha kwa maji ya moto, kuwakaanga kidogo wakauke, kisha kitunguu, nyanya, na karanga mpya nilizotwanga mpaka mkono ukauma. Mafuta kidogo tu. Chakula cha msimu hakitaki mambo mengi, kinataka mtu asimame karibu nacho. Mama akapika wali wa mchele mpya, ukashikana kama ulivyotakiwa kushikana, na michembe ikachemshwa ikaliwa na chai. Tulikula kwenye mkeka, sebuleni, chini ya vitambaa vyangu. Harufu ikaingia kila mahali. Matufaha yalikuwepo juu ya meza yao, na hakuna aliyeyaulizia.

Mama Shabani akala. Akanitemea baraka kichwani kama walivyozoea kwao, Jumapili nikaolewa, na Nkome yote ikaja.

Ungependa niishie hapo. Na mimi ningependa.

Nilikuwa mkwe wa yule mama miaka kumi na saba kabla Mungu hajamchukua. Hakuwahi kunisema vibaya, si mbele yangu wala nyuma yangu. Alinizalisha watoto wawili kwa mikono yake. Wake wa wadogo zake Shabani kila mwaka walipata viroba vyao, vya dagaa waliochaguliwa, wasio na mchanga. Kwangu alikuja na sukari na mkate wa dukani, kama mtu anavyokwenda kwa asiowazoea. Mwaka wa kwanza nilidhani amesahau. Mwaka wa tano nikajikaza nikamwambia, "Mama, mbona mimi huniletei dagaa?"

Alinitazama kwa upole kabisa. Akasema, "Dagaa wana harufu, mwanangu."

Hakusema kwa kisasi. Alikuwa anaitunza nyumba yangu isinuke, kama nilivyomfundisha mwenyewe. Alikuwa ameshanisamehe pale kwenye gogo, naamini hivyo mpaka leo. Lakini kuna kitu alinipa mara moja tu, na mara hiyo moyo wangu haukuwepo kukipokea. Nilikwenda sokoni nikanunua dagaa wa Nkome kwa watu wengine, nikawapika vile vile alivyonionyesha. Walikuwa wazuri. Nilikula nikalia, na mume wangu akadhani ni pilipili.

Kwa hiyo, mwanangu, wakwe zako sitawapigia. Pamba ukumbi wako, sikukatazi. Rangi ulizochagua zinapendeza, na hao vijana wa mapambo wanajua kazi yao. Lakini meza mojawapo iache tupu, bila kitambaa cha ajabu, kwa ajili ya watakaokuja na kitu. Pika cha msimu, kwa sababu ndicho ambacho mikono ya watu wako inakijua, na jikoni usiwafukuze majirani kwa kuwa umekodi mpishi. Ukiletewa, pokea, beba mwenyewe, na usimpe mtu mwingine akupelekee. Onja mbele ya aliyeleta. Kama harufu imekushinda, ivumilie siku hiyo moja, kitambaa kinafuliwa. Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, toka nje ukiwa bado na singo yako usoni, ukaseme kosa kwa jina lake kabla gari halijaondoka. Ila usidhani radhi hurudisha kila kitu. Maji yakimwagika hayazoleki, hata kama aliyeyabeba amekusamehe.

Basi inuka ukaoshe nywele, hiyo dawa uliyopaka itakukaukia kichwani. Mungu akuongoze, akupe mume anayekusikia na watoto wanaokuzidi akili. Akupe mama mkwe mwenye subira, na wewe akupe subira kumzidi. Na mlango wako, mwanangu, uwe mlango ambao mtu akiufikia na alichonacho kichwani, anakitua bila kuuliza akiweke wapi.