Restructuration

Chef wetu, mkubwa wa kazi, alitoka Beni, akatukusanya kwenye bureau, ofisi yetu ya Butembo, sisi wa mradi wa mbegu za viazi, akasema kwa Kifaransa kwamba kutakuwa na restructuration. Akauliza kama kuna swali. Nani angekubali kuonekana hajui Kifaransa? Paa letu lilivuja kila mvua, basi tukaelewa kwamba wanakuja kujenga upya. Tulifurahi kama wajinga. Camion ya kubeba mizigo ilipofika, tulitoa meza sisi wenyewe, tukapakia, tukashukuru.

Kesho yake nilikuta kufuli jipya mlangoni. Mlinzi, aliyepewa habari na dereva wa camion, alinihurumia. “Mama, kazi ilishaisha. Ile restructuration ni kuwaachisha kazi. Habakuwaambia?”

Walituambia. Meza yangu niliibeba mimi mwenyewe, kichwani, nikiimba.