Dawa ya Usingizi ya Qiao Runmei

Katika vijiji vilivyo chini ya milima ya Taihang, aliyekosa usingizi alielekezwa kwa Qiao Runmei. Kila vuli mama huyu alipanda miteremko na fimbo yake kukung'uta kunazi chachu za mwituni, miiba ikimchana mikono hadi viwikoni. Alizifikicha nyama, akavunja kokwa kwa jiwe, akatoa viini vyekundu bapa. Kisha alivikaanga bila mafuta, kwa moto mdogo, mpaka vikaanza kualika na kunukia. Vikipondwa na kuchemshwa, maji yake hutuliza moyo unaokwenda mbio.

Mumewe, Genwang, alianza kukosa usingizi uzeeni.

"Mama Yan," alimwambia siku moja wakila, akimwita kwa jina la mtoto wao, "Laifu naye anazeeka."

"Kwani wewe unarudi ujanani?"

"Nafikiria nikamwone."

Runmei akaweka bakuli chini. Laifu, mdogo wake Genwang, alikuwa ameukata mti wa mjozi uliopandwa na baba yao bila kumuuliza mtu, na tangu hapo ndugu hao hawakusemezana.

"Akukosee yeye, halafu wewe ndiye ukampigie magoti? Mwache aje mwenyewe. Wewe kunywa dawa, ulale."

"Haya, lete."

Dawa ikamkubali. Genwang akawa analala fofofo, asubuhi anaamka na hamu ya uji wake wa mawele na figili za chumvi. Jina la Laifu hakulitaja tena. Runmei akajisifu kwa majirani kwamba amemponya mume wake.

Majira ya baridi Laifu alianguka akifagia theluji uani, asiinuke tena.

Walipofika msibani, mjane wake, Cuiping, alitoka na kitambaa cheupe kichwani.

"Shemeji, umekuja," alisema. "Mwenzio alikuwa akiniambia, kaka akija tutapanda mjozi mwingine. Mche wenyewe huo hapo ukutani, kauotesha kwa mkono wake."

"Mbona hakuniita?"

"Aliona haya. Na wewe je?"

Genwang aliinama akaushika mche. Runmei alitazama chini, uso ukimwaka. Ni yeye aliyekuwa na jibu, na hakuthubutu kulisema mbele ya jeneza.

Nyumbani alichemsha dawa kwa mazoea, akampelekea. Genwang akalisukuma bakuli taratibu.

"Leo niache niwe macho."

"Baba Yan, nisamehe. Ungekwenda, nikakuzuia."

"Hukunitilia sumu. Nilipewa usingizi, nikalala mwenyewe."

Laiti angemgombeza! Runmei angelia, angejitetea, yangekwisha. Lakini Genwang hakumlaumu hata siku moja, na upole ule ulimchoma kuliko matusi.

Theluji ilipoyeyuka, waliupanda mche karibu na kaburi la Laifu. Genwang alichimba peke yake. Runmei alishika ndoo ya maji.

Watu waliendelea kuja kwake, naye hakuacha kukaanga. Ila sasa, kabla ya kufunga kifurushi, humuuliza mgonjwa, "Kinachokukosesha usingizi ni nini?"

Wengine hucheka: "Aa, mama, wewe toa dawa tu!" Lakini mwanamke mmoja, aliyemfukuza bintiye wa pekee, aliposikia swali hilo alikaa kizingitini akaangua kilio. Runmei akammiminia maji ya moto, akakaa kando yake, kifurushi akakiacha bila kukifunga.