Dada Nasrin na sampuli iliyobaki kwenye friji

Siamini bado. Jana Jumatatu nimeingia maabara yetu huku ughaibuni, Downsview, nikabandika maji ya chai ya watu wawili, nikamsubiri Dada Nasrin. Kumbe moyo wake ulikuwa umesimama Jumapili, nyumbani kwake Unionville, akiwa mezani na familia.

Jamani. Ijumaa tulikuwa tunabishana!

Kwa msiomjua: Mhindi wa kwetu, mzaliwa wa Mwanza, aliyenifundisha kazi nilipokuja huku kutoka Nyeri.

Siku ya kwanza aliniangalia miguuni. "Wewe bwana, hivyo viatu ni vya harusi au vya theluji?" Kesho yake akaniletea buti za mumewe.

Kazi yetu ni kupima vitamini zilizo chache mno kwenye damu na mkojo. Unaweka tone, unalimulika kwa leza, mwanga unatawanyika, na kila vitamini huutawanya kwa namna yake. Kwenye skrini kinatokea kilima kidogo, ishara kwamba vitamini ipo. Mara nyingi hakitokei.

Kuna wakati tulihitaji mkojo usio na kitu cha ziada, wa kulinganishia. Nikajitolea, kifua mbele. Wiki nzima skrini ilijaa mwanga mpaka tukadhani mashine imeharibika.

Dada akaniuliza taratibu, "Kamau, unameza nini asubuhi?"

"Multivitamin, dada. Mama amesema baridi ya huku itaniua."

Alicheka mpaka akakaa chini. Vitamini B2 yangu ilikuwa inang'aa na kufunika kila kitu. Mpaka mafundi walikuwa wameitwa, aki.

Lakini B12 haikuwa mzaha kwake. Mama yake alianza kujikwaa na kusahau majina ya wanawe, wote wakasema ni uzee. Ilipojulikana ni upungufu wa B12, miguu haikupona tena. "Tone moja tu la kidoleni, Kamau, tungejua mapema." Hilo tone ndilo alilokuwa akilihangaikia miaka yote niliyomjua.

Ijumaa akakiona kilima cha B12. Kidogo sana, lakini alisema kipo.

Mimi nikasema, "Dada, hiyo ni noise tu, kelele za mashine." Nilisema mbele ya wanafunzi, huku navaa koti. Najuta namna nilivyosema.

Uso ulimbadilika kidogo, kisha akasema, "Basi pima wewe, kwa mkono wako. Mimi nimekitamani mno, siwezi kujiamini."

Nikamjibu, "Jumatatu, dada. Nawahi kabla ya foleni ya magari, nyumbani Markham ni mbali."

Dakika ishirini tu zingetosha. Ishirini!

Sampuli ile ya Ijumaa ipo kwenye friji, mwandiko wake ubavuni. Jana nimeitoa, nikairudisha. Siku ya msiba si siku ya kupima.

Kesho nitapima. Sijawahi kutamani kitu kama ninavyotamani kilima hicho kiwepo.

Kisipokuwepo, dada yangu, nitaandika kwamba hakipo. Wewe ungeandika hivyohivyo, ukachukua tone jingine.

Nisamehe ile Ijumaa. Mungu akulaze pema, Dada Nasrin. Lala bila wasiwasi, zamu iliyobaki ni yangu.