Medali Ndani ya Sufuria ya Omubirizi

Mdomo huponza kichwa, wanasema. Wangu nusura umponze baba mdogo Datius.

Mkewe, mama mdogo Alistidia, ni mkulima wa migomba na kahawa pale Buganguzi. Ni mbishi, mcha Mungu, na hakuna homa kijijini ambayo hajaichemshia omubirizi, yale majani machungu yasiyokosekana uani kwa mtu. Ila Datius alipogundulika kuwa na saratani ya ini, daktari aliwakanya: dawa za majani marufuku, ini lake haliziwezi tena. Mama mdogo akabaki mikono mitupu, na mikono mitupu hajaizoea.

Ndipo nikaja likizo, mimi Joanitha, fundi wa kujisifu. Nafanya kazi kwenye maabara ya chuo kimoja Mwanza. Jumapili, tukila ndizi, nilimweleza mama mdogo jinsi tunavyochanganya maji ya omubirizi na chumvi ya madini ya fedha hadi rangi igeuke kahawia. Hapo tunajua zimepatikana chembechembe za fedha, ndogo kupita kiasi, na zimeua seli za saratani ya ini kwenye visahani vyetu vya maabara. Visahani nilivitaja. Sikuvitilia mkazo.

Jumatano nikiwa Bukoba mjini, mama mdogo akanipigia simu.

"Joanitha, imegeuka kahawia!"

"Nini hicho?"

"Omubirizi, waitu, mwanangu! Nimetumbukiza medali yangu ya Bikira Maria, ile ya fedha niliyopewa siku ya kipaimara. Atakunywa jioni hii."

"Mama mdogo, usimpe! Subiri kwanza..."

Simu yake ikazimika. Nikapiga tena na tena, haipatikani.

Nilipanda gari hadi Muleba, kisha pikipiki. Medali haiyeyuki vile. Ile kahawia ilikuwa ya majani matupu, tena yaliyochemshwa yakakolea. Kilichonitisha zaidi ni adabu ya nyumba ile. Anayekuletea kinywaji hukionja kwanza mbele yako, na ukikataa alichokwisha kuonja umemwita mchawi. Datius ameishi na adabu hiyo miaka sabini. Asingekataa.

Niliwakuta sebuleni. Mama mdogo alikuwa anajifuta midomo. Kikombe kilikuwa tayari mkononi mwa Datius, naye akanitazama kwa macho yake yaliyogeuka manjano.

"Baba mdogo, kiweke chini. Si dawa hiyo. Ni yale yale aliyoyakataza daktari."

"Najua," akasema. "Lakini ameshaonja."

Mama mdogo akanigeukia. "Si ulisema inaua saratani?"

"Kwenye kisahani, mama. Hatujampa hata panya. Kwa binadamu labda miaka kumi, labda isifike kabisa. Na hii yako haina hata hizo chembechembe."

"Ungesema hivyo Jumapili."

"Nisamehe."

"Haya, basi nimpe nini?"

Niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu, nimesimama pale na elimu yangu yote.

Akakitoa kikombe mkononi mwa mumewe, taratibu, akaenda kukimwaga shinani mwa mgomba. Alirudi nacho kimejaa maji ya mtungi. Akaonja. Akampa.

Datius akanywa yote, polepole, hakubakiza hata tone.